Mtambo Unaowashwa Wakija Wageni

Nyumba za nyuma ya kiwanda cha nguo,
Mlango wa pili kutoka bombani.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kwanini,

Salamu haina ugomvi, ndivyo tulivyolelewa, kwa hiyo nakusalimu kwanza. Hujambo? Baridi ya huko imepungua? Lile koti ulilosema linakubana mabegani umelibadilisha, au bado unajikunja nalo? Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia, siku hizi anashuka ngazi bila kushika ukuta. Mimi mwili ni mzima. Habari za moyo utazikuta hapa chini.

Ujumbe wako wa Alhamisi nimeupata. Niliusoma jikoni, nikaenda kuusoma tena chooni ili Mama asinione uso. "Dada umeniharibia masomo. Iandikie benki useme daftari lilikosewa." Basi. Hakuna salamu, hakuna pole, hakuna hata kuniuliza kama bado nina kazi. Nimeamua kuchukua karatasi kwa sababu kwenye simu ningekutukana, na matusi ningeyajutia. Haya ninayoandika sitayajutia.

Ulipopata nafasi ya kusomea shahada ya pili, Mama alitangaza mtaa mzima. Hakujua kuieleza, akawa anasema mwanawe anasomea biashara isiyochafua. Mimi nilikuuliza, ukanieleza vizuri mno: mnafundishwa fedha na utunzaji wa mazingira kwa pamoja, ili mwenye pesa, kabla hajaitoa, ajue itakwenda kufanya nini kwa maji, kwa hewa na kwa watu. Nilifurahi kuliko Mama. Miaka kumi na mmoja naendesha mtambo wa kusafisha maji machafu ya kiwanda, na hakuna aliyewahi kuingia kwenye kile kibanda cha pampu akauliza swali la maana. Nikajisemea, sasa atakuja wa kwetu.

Ukaja kweli, kwa ziara ya masomo kutoka huko. Wanafunzi kumi na wawili na mhadhiri wenu, kofia ngumu kichwani, nyingine bado zina nailoni. Nilikuwa nimesimama kando ya bwawa la tatu na mabuti yangu. Nilijua unakuja, nisichojua ni kwamba unakuja kama mgeni. Nikakutabasamia. Ukatazama mabuti, ukatazama karatasi yako, ukawaambia wenzako, "Huyu mama ndiye mwendesha mtambo, tunaweza kumhoji."

Huyu mama! Mimi niliyekufunga kamba za viatu mpaka darasa la nne! Mkataa kwao ni mtumwa, lakini siku ile nilikutetea rohoni. Nikasema ni kijana, yuko mbele ya wenzake, ana haya, itampita. Nikameza.

La pili ndilo lililonikwama, na halijashuka mpaka leo. Uliniuliza mbele ya meneja mtambo unafanya kazi saa ngapi kwa siku. Nikakujibu, "Unafanya kazi mkija wageni." Meneja akacheka, akanipiga begani. "Mama huyu ana utani, msimjali." Wenzako wakacheka kwa adabu. Na wewe ukacheka. Wewe unayejua kwamba dada yako kazini hatanii, hata siku ya mwisho wa mwezi! Kisha ukainama ukaandika. Nilikuwa karibu nawe kama nilivyo karibu na meza hii, na macho yangu hayana shida. Uliandika: saa ishirini na nne.

Tulikupa jina la Kwanini kwa sababu ulikuwa huambiwi maji yamechemka bila kuuliza kwa nini. Siku ile hukuuliza. Daftari la zamu lilikuwa mezani, limejaa mwandiko wangu, saa ya kuwasha na saa ya kuzima, miaka yote hiyo. Hukulifungua. Uliweka juu yake chupa yako ya maji.

Basi nikueleze sasa. Maji yanayotoka kwenye kitengo cha kutia vitambaa rangi yanasafishwa na vijidudu, na vijidudu vinahitaji hewa. Pampu za hewa zinakula umeme, kwa hiyo meneja anaamuru zizimwe. Zikizimwa siku mbili, vijidudu vinakufa na maji yanatoka kama yalivyoingia. Mkitangazwa wageni, naambiwa niwashe, na bwawa la mwisho tunalijaza maji ya bomba. Wale samaki watatu mliowapiga picha walinunuliwa asubuhi ile, wakaletwa kwenye ndoo ya rangi. Kesho yake walikuwa wanaelea tumbo juu. Mimi ndiye niliyewaopoa.

Miezi miwili baadaye ripoti yenu ikafika. Meneja akalitia jalada lake kwenye fremu, akalitundika mapokezi: samaki mbele, jina lako nyuma. Nilisoma kila ukurasa wakati wa chakula cha mchana. "Kiwanda cha mfano." "Usimamizi wa maji usio na shaka." Mlikivika kiwanda kilemba cha ukoka, na kwa kilemba hicho benki ikatoa mkopo wa kijani, ule wa riba ndogo kwa wanaotunza mazingira. Mkopo ulikuwa wa kujenga bwawa la nne. Hakuna bwawa la nne, Kwanini. Zimenunuliwa mashine mbili mpya za rangi, na maji machafu yakaongezeka karibu maradufu.

Shangazi ndiye aliyelipia kicheko chako. Unajua bustani yake ya mboga kando ya mfereji unaopokea maji ya kiwanda, ile iliyokusomesha sekondari. Majani yalianza kuungua pembeni, kisha matuta yote yakalala. Siku nyingine mfereji ulipita mwekundu, siku nyingine buluu, kulingana na oda ya kitambaa. Nilikwenda kumpa pole. Hakunikaribisha kukaa. Alinionyesha mikono yake, ngozi imepasuka kwenye vidole, akasema, "Pole ya nini? Si wewe unayefungua koki?"

Nilirudi nyumbani sikula. Hasira yote niliyokuwa nayo juu ya meneja na juu yako ilinigeukia mwenyewe. Kweli, koki ni mimi. Meneja anaamuru, wewe unaandika, lakini mkono unaozungusha ni wangu. Nilijidanganya kwamba kujaza daftari kwa ukweli kunatosha, wakati nilijua hakuna anayelisoma.

Mwezi uliopita watu wa benki wakatangaza kuja kuona bwawa lao jipya. Meneja akanipigia siku mbili kabla: washa. Nikasema sawa. Sikuwasha, wala bomba sikulifungua.

Walipofika, kibandani kulikuwa kimya mpaka ukasikia nzi. Meneja aliingia mbele, akanitolea macho. "Mbona kimya?"

"Ni kimya kila siku, bosi."

Alikuwepo afisa mmoja wa benki, mama mnene mwenye miwani, amevaa viatu vya kawaida kama mtu aliyekuja kutembea kweli. Akauliza kama mtambo umeharibika. Nikamwambia, "Haujaharibika. Umezimwa." Nikampa daftari. Alilisoma amesimama, nusu saa nzima, hakukaa. Meneja alikuwa akiongea tu, mara umeme, mara mafundi, mara mimi nina matatizo ya nyumbani. Yule mama aliendelea kugeuza kurasa. Alipomaliza aliniuliza swali moja: ni nani mwingine aliyewahi kuliona daftari hili? Nikasema, wapo waliolikaribia.

Yaliyofuata unayajua nusu. Benki imesimamisha mkopo na kukiarifu chuo chenu kuhusu ripoti. Kitengo cha rangi kimefungwa, hii ni wiki ya tatu, na kitafunguliwa tu pampu zikifanya kazi mchana na usiku, na mita ya kuhesabu saa zake ikiwekwa na benki yenyewe. Mimi nimesimamishwa kazi. Watu arobaini wako nyumbani kwa sababu yangu. Fundi wa mashine, rafiki yangu wa siku zote, tulipishana dukani jana. Nikamsalimu, akaangalia sabuni. Sijivuni na hilo. Ninalala nalo, ninaamka nalo. Lakini nikiulizwa tena, nitafanya vilevile.

Sasa ombi lako. Sitaandika.

Daftari halikukosewa. Kila saa iliyomo niliiandika mimi, nikiwa na akili zangu. Unaniomba niiambie benki kwamba dada yako ni mzembe asiyejua kusoma saa, ili wewe upate cheti kinachosema unajua kutunza maji. Hivi ulipoandika maneno hayo ulikuwa umekaa au umesimama? Chai yako ilikuwa inapoa pembeni? Nataka kujua, maana nimejaribu kukuona ukiyaandika nimeshindwa.

Kuna jingine usilolijua, na ndilo lililonifanya nisisubiri posta. Nitaipiga picha barua hii nikutumie leo, yenyewe itafuata. Jana mhadhiri wenu alinipigia. Namba aliipata benki. Aliongea taratibu, bila dharau. Aliniuliza kama saa za kwenye daftari ni za kweli. Nikasema ni za kweli. Akauliza, "Je, mwanafunzi aliyekuhoji uliwahi kumwambia hivyo?"

Jibu lilikuwa mdomoni, kavu, tayari, na hasira niliyokuwa nayo ilitosha kulisukuma. Lakini sikulitoa. Nilimwambia anipigie tena Jumatano, nitalijibu hilo na mengine yote, ila kabla ya hapo akupe wewe nafasi ya kuzungumza naye.

Una kesho na keshokutwa. Nenda kwake kwa miguu yako. Mwambie ulichosikia na ulichoandika, na usithubutu kusema ulidhani natania. Mwambie pia sisi ni nani kwa kila mmoja, asije akalisikia kwangu. Wakikunyima shahada, utakuwa mtu asiye na shahada. Mtaa huu umejaa watu hao, na wewe umekula kwao. Wakikuruhusu uandike upya, nitakusomea daftari kwenye simu ukurasa kwa ukurasa, hata ichukue mwezi, na shangazi nitambembeleza mimi akueleze habari za mboga zake. Ila Jumatano simu ikilia nawe hujasema, nitasema mimi, na sitapunguza neno.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote kati ya haya, na anaomba umtumie picha ukiwa darasani. Shangazi anakusalimu, kwa shingo upande. Shemeji yako anasema ukikosa nauli ya kurudi, cherehani yake bado inafanya kazi. Watoto wanauliza kama theluji ina ladha.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi, na akupe ulimi mwepisi kesho asubuhi. Mlango wa nyumba hii haujafungwa, na godoro lako bado liko nyuma ya kabati.

Ni mimi, nikupendaye na hasira zangu zote,

Dada yako