Baba Bupe, Wanataka Nimuuze Shangazi

Baba Bupe, mume wangu uliyelala kaburini hapo kilimani, juu ya barabara,

Ugonile. Najua ungependa nikuamkie kwa Kihehe chenu cha Kalenga, lakini kalamu ninayo mimi, kwa hiyo leo utaitikia Kinyakyusa. Nyumbani hatujambo. Viazi vimekubali mwaka huu, na lile bati la jikoni bado linavuja pale pale uliposema utaliziba Jumamosi. Hukusema Jumamosi ipi, nami sikuuliza. Sasa tulia, nina neno. Binti yako Bupe anataka nimuuze Shangazi, ninunue pikapu ya umeme.

Usianze kugeuka-geuka huko. Nisikilize kwanza mpaka mwisho, jambo ambalo ulipokuwa hai lilikushinda.

Wapo wanaosikia jina la Shangazi wakadhani ni mtu, na kosa ni lako. Ni wewe uliyelibandika jina hilo lile lori letu dogo la dizeli. Ulisema lina tabia zote za dada yako mkubwa: linakohoa asubuhi, halipendi kuharakishwa, na usipoliamkia kwa adabu halifanyi kazi. Dada yako alipata habari akanuna mpaka Krismasi. Tulimtuliza kwa gunia la viazi, tukampelekea kwa Shangazi huyo huyo.

Unazikumbuka asubuhi zetu za mwezi wa saba? Baridi ya Uporoto imekaza, kioo kimeganda barafu, na wewe na koti lako refu umeweka kiganja juu ya boneti unasema taratibu, "Kamwene, Shangazi." Yeye ulimwamkia. Mimi mkeo ulikuwa unaniuliza soksi ziko wapi. Na baada ya heshima zote hizo, Shangazi akawa hawaki! Basi unapiga mluzi, Baba Ambwene anatoka kwake amejifunga blanketi, na majirani wengine nyuma yake, wanamsukuma kuelekea mteremkoni. Wewe uko ndani unafoka, "Sukumeni, jamani, mbona mnampapasa?" Akiwaka, moshi unafunika ua mzima, hatuonani. Moshi ukiisha, wote unawakuta jikoni kwangu wanadai chai.

Ulipoondoka, usukani niliushika mimi. Watu walisema mwanamke hawezi lori la viazi. Nikawaambia nimefundishwa na wewe pale uwanja wa kanisa, ingawa sikuwaambia kwamba muda wote ulikuwa umeshika kitasa cha mlango, tayari kuruka. Nilimwamkia Shangazi kwa lugha yangu, akakataa. Nikamwamkia kwa lugha yako, akakataa vilevile. Kwa hiyo Baba Ambwene na wenzake wakaendelea kuja kila asubuhi kusukuma, na mimi nikaendelea kubandika birika lile kubwa.

Acha nikwambie ukweli, mume wangu. Ni asubuhi hizo zilizonishika nisianguke. Mjane watu humjazia nyumba wakati wa msiba, halafu kila mtu anarudi shambani kwake, na si kwa ubaya, kazi ndiyo ilivyo. Lakini kwangu watu waliendelea kuja. Hakuna aliyeniuliza unaendeleaje. Walinikuta nipo, wakasukuma, wakanywa chai, wakalalamika kwamba sukari ni kidogo, wakaenda.

Ndipo Bupe akashuka kutoka Iringa, na maneno ameshayapanga njiani. "Mama, Shangazi anakunywa dizeli utadhani analipwa kwa kunywa. Mafundi wakimwona wanabadilisha njia. La umeme unachomeka tu nyumbani, kama simu."

"Simu yangu yenyewe inazimika nikiwa bado nasalimiana," nikamwambia.

Akachukua mkoba wake akatoka. Ni damu yako ile. Alikwenda Mbeya mjini, akamwomba muuzaji atuachie pikapu moja tuijaribu wiki nzima. Siku aliyoileta nilikuwa nimesimama kaburini kwako nakusema kuhusu lile bati. Nageuka, gari liko nyuma yangu, jeupe, safi kama shati la mwinjilisti, na mwanao ndani anacheka mpaka anashika mbavu. Halikutoa hata mlio! Nilipiga yowe mpaka kuku wakapanda dari. Halafu nikaona aibu, maana mtoto alikuwa amesikia yote niliyokuwa nakuambia.

Kesho yake tukapakia viazi kwenda sokoni Uyole. Nikakaa kwenye usukani, nikabonyeza nilipoambiwa nibonyeze. Kimya.

"Limewaka?"

"Limewaka, mama."

"Muongo wewe."

Nikakanyaga, likaondoka. Baba Bupe, nilijisikia kama naendesha kitanda. Tulikwenda hivyo mpaka mlima wa kanisani, na hapo ndipo balaa lilipotukuta, kwa sababu watu wetu unawajua. Katika mlima ule gari linalonguruma ni gari zima. Gari lililonyamaza na mzigo mgongoni ni gari lililokufa, na sasa hivi litarudi kinyumenyume na viazi vyake likaue watu.

Baba Ambwene alikuwa shambani akapandisha macho. Akaona magunia yanapanda mlima yenyewe, kimya kimya. Akatupa jembe. "Jamani, Mama Bupe anakufa! Jiwe! Leteni jiwe!"

Walitoka watu kwenye mashamba kama siafu. Mmoja akaweka jiwe nyuma ya tairi, mimi nikawa nimeshasogea, jiwe likabaki. Akaliokota, akanikimbilia, akaliweka tena, nimeshasogea tena. "Kanyaga breki, mama!" wanapiga kelele. Nikakanyaga ili niwaeleze. Kosa! Liliposimama tu wakasema mnaona, limekufa kweli, wakayawekea mawe matairi yote, hata ya mbele.

Bupe akatoa kichwa dirishani. "Baba Ambwene, hili ni gari la umeme!"

"Tumeona, mwanangu, umekatika!" akajibu. "Mwambie mama ashikilie breki!"

Sasa ungefanyaje? Nusu ya kijiji iko nyuma ya gari imeshaweka mabega. Waliondoa mawe wakasukuma, na mimi nikakanyaga kidogo kidogo, kwa adabu, nisiwaache nyuma. Tulifika juu. Baba Ambwene akafuta jasho, akalizunguka lile gari, akalipiga kofi ubavuni. "Hili jepesi kuliko Shangazi," akasema. Bupe alicheka njia nzima mpaka Uyole.

Wiki ile lilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Matope lilipita. Mlima lilipanda, watu walipokubali kuliacha lipande. Na kituo cha mafuta nilikipita nimenyoosha shingo kama bibi harusi.

Tatizo lilikuwa chai. Nilibandika birika kubwa kama kawaida, nikapanga vikombe. Gari limelala limechomekwa, limeamka limeshiba, halimhitaji mtu. Hakuja yeyote. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nikakaa jikoni naitazama chai inapoa, na bati linanidondoshea maji mgongoni. Bupe alidhani napiga hesabu ya dizeli. Mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba nikimuuza Shangazi nitakuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii hakuna atakayekuja asubuhi.

Nikamwambia Bupe hapana. Rudisha gari la watu. Alinitazama sana, akalirudisha, akapanda basi kwenda Iringa bila kugombana nami. Ingekuwa nafuu angegombana.

Asubuhi iliyofuata nikarudi kwa Shangazi, na Shangazi akarudi kwenye tabia zake. Watu wakaja. Nikafurahi mno, nikaongeza sukari. Wakasukuma mara ya kwanza, wapi. Mara ya pili, wapi. Mara ya tatu Baba Ambwene akaacha, akashika kiuno, akakaa chini kwenye majani na blanketi lake.

"Shemeji," akasema, "kwa heshima zote. Migongo yetu imezeeka."

"Mbona hamkusema?"

"Tungesemaje? Tulijua unampenda."

"Mimi nilijua ninyi mnapenda kusukuma!"

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jua linachomoza kusini, Tukuyu. "Nani apende kusukuma, shemeji? Tunapenda chai."

"Wiki nzima chai ilikuwepo, vikombe vimepangwa. Mbona hamkuja?"

Wakatazamana. "Tungekujaje kunywa chai hatujasukuma?" akasema Baba Ambwene. "Sisi si wezi."

Baba Bupe, nilicheka mpaka nikashikilia boneti. Muda wote huo mimi nateseka na gari kwa ajili yao, wao wanavunjika viuno kwa ajili yangu, na Shangazi katikati anakunywa dizeli. Hayo ndiyo matunda ya adabu yetu. Siku hiyo hiyo nikampigia Bupe simu.

Aliyemnunua ni mchimbaji wa Chunya, anataka gari la kubebea maji machimboni. Nilimweleza tabia zake zote, sikumficha. Akasema Chunya ni joto na vumbi, baridi yake ataisahau. Tukamsukuma Shangazi kwa mara ya mwisho, hata mimi nilishuka nikaweka bega, kitu ambacho wewe hukuniruhusu kamwe. Akawaka. Moshi ukatufunika, na ulipoisha tukasimama barabarani tunamsikiliza anateremka. Tulimsikia kanisani. Tukamsikia darajani, akibadilisha gia kwa shida kama kawaida yake. Halafu hatukumsikia tena.

Nililia. Siku tuliyokuzika sikulia, unajua mwenyewe, ndugu zako walikuwa wamejaa kutoka Kalenga na mtu lazima aangalie chakula. Watu walinisifu nina moyo mgumu. Sasa nililia barabarani mchana kweupe, kwa sauti, kwa ajili ya lori. Nilidhani watanicheka. Mama Ambwene akanishika mabega akasema, "Lia, mama. Tulikuwa tunakusubiri."

Wakanirudisha nyumbani, wakatandika mkeka. Mmoja akaleta unga, mwingine maharage, mwingine mzigo wa kuni, wakakaa nami mpaka jioni kama msibani hasa. Akapita mzee mmoja mgeni, kaona wanawake wamekaa chini, akauliza nani ametutoka. Akaambiwa ni Shangazi. Akavua kofia, akatupa pole, akakaribishwa akakaa, akala vizuri. Alipomaliza akauliza kwa upole marehemu alikuwa akisumbuliwa na nini.

"Klachi," akasema Baba Ambwene.

Nilicheka na machozi bado yanatoka. Pikapu imekuja juzi, safari hii ni yangu. Wanakuja kunywa chai bila kusukuma, ila kwa aibu kidogo, na Baba Ambwene kabla ya kukaa hulipiga teke tairi moja ili ionekane amefanya kazi. Jana alipanda juu, akaziba bati.

Ninakukumbuka, mume wangu. Ninakukumbuka sana, na sasa naweza kusema hivyo bila kujificha nyuma ya gari. Kesho asubuhi ninapeleka viazi Uyole, nitapita hapo chini yako. Usikae umetega sikio ukingoja mngurumo, ukaja kusema siku hizi sipiti kukusalimia. Ukisikia kimya barabarani, ni mimi.

Mkeo,
Mama Bupe