Jina la Jembe la Baba

Kaka yangu Tormod,

Hujambo huko Kanada? Hapa mvua haijakatika tangu tumzike dada Seonag.

Jana pale makumbusho walinionyesha jembe la baba la kukatia ule udongo mweusi tuliokuwa tukiukausha na kuuwasha kama kuni. "Bibi Oighrig, kamusi yetu wewe," Ceitidh, yule msichana anayefanya kazi pale, alinitania, "kwa Kigaeli linaitwaje?"

Akili ikawa tupu. Nikasema, "Blàrag." Akaliandika kwenye kadi, na wageni wanaisoma. Njiani nikakumbuka: Blàrag alikuwa ng'ombe wetu.

Naogopa, kaka. Seonag alianza hivi hivi, mwishowe akawa ananiita mama.

Niandikie jina lenyewe upesi. Kama nawe hulikumbuki, nipigie simu. Sitaki kusoma habari hiyo kwenye barua nikiwa peke yangu.

Dada yako,
Oighrig