Benchi la Wagonjwa wa Mama

Jumatatu, 3 Juni
Baridi ya Makambako leo haina adabu. Vidole vimekufa ganzi, vioo vya darubini vinaniponyoka. Makohozi, mkojo, damu, makohozi tena. Kila anayeingia maabara: shikamoo dokta, asante dokta. Zamani nilikuwa nawasahihisha. Bibi mmoja akaniuliza, kama si daktari hilo koti jeupe la nini? Nikachoka, nikaacha.

Mama kapiga simu kutoka kijijini Makete. Kidonda cha mguu bado. Kiatu cha kwendea ibadani kilimchubua. Kaanza na salamu yake ya siku zote: Kamwene, daktari wangu. Tangu nimalize chuo hajaniita Faraja. Nami sijawahi kumwambia kwamba daktari ni mtu mwingine, mimi ni wa kupima tu. Alikuwa anafurahi mno.

Jumatano, 5 Juni
Wifi Ester, anayeishi na Mama, kanipigia kwa kujificha. Kidonda kimeanza kunuka. Mama kagoma kwenda hospitali. Eti huko atashikwashikwa na manesi tu, wakati yeye kazaa daktari. Ananisubiri mimi.

Nikampigia. Nilikuwa na mambo mawili: aende hospitali leo, na mimi si daktari. La kwanza kalikataa. La pili sikulisema. Mwoga mkubwa mimi.

Niko peke yangu maabara wiki hii. Ruhusa nimepewa ya kuanzia Jumamosi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemkumbuka Mama vibaya sana. Yule aliyekuwa ananisuka jikoni, kichwa changu magotini pake, moshi wa kuni machoni, akinigombeza nitulie. Namtaka yule. Huyu wa sasa ananiheshimu, na heshima yake inanifukuza.

Jumamosi, 8 Juni
Nimefika mchana. Sebuleni kigoda kimetandikwa kitambaa cheupe, beseni la maji ya moto pembeni. Na benchi. Watu watano wamekaa kwenye benchi. Mwenye kiuno, mwenye kikohozi, mmoja kaja na mtoto mgongoni. Mama kawaita majirani niwatibu. Kawapanga kwa foleni, yeye mwenyewe kajiweka wa mwisho. Mwenye nyumba hatangulii wageni, anasema, na wao ni wageni wake.

Nikamfungua mguu. Vidole viwili vimekuwa vyeusi.

Nikasema, mbele ya wote. Mama, mimi si daktari. Sijasomea kutibu. Kazi yangu ni kupima damu, daktari ndiye anayetibu.

Majirani wakaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, pole na safari, pole na safari. Mama akaufunika mguu kwa kitenge. Hakuniangalia.

Nikatoa kile ninachokijua. Nikamtoboa kidole, nikapima sukari. Imepanda mpaka mashine ikakataa kutoa namba. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia anayehitajika ni daktari, na nesi atakayemwosha kidonda kila siku, na kwamba nesi si mtu wa "tu". Akamwambia Ester alete koti lake.

Jumapili, 9 Juni
Hospitalini. Wamemkata vile vidole viwili. Daktari anasema angewahi wangemponya bila kukata.

Angewahi. Alikuwa ananisubiri mimi. Nilipenda sifa, na yeye ndiye kailipia. Sina la kujitetea.

Jumanne, 11 Juni
Nimerudi Makambako. Mama tangu juzi hajanisemesha zaidi ya ndiyo na hapana. Ester anasema ni dawa. Si dawa.

Ijumaa, 14 Juni
Leo kaja mzee na kikopo chake cha mkojo, asante dokta. Nikamweleza mimi ni nani na daktari yuko chumba gani. Ilichukua dakika nzima. Akasema haya, asante mama wa vipimo.

Jioni ikaingia simu kutoka namba ya Ester, kumbe ni Mama. Sauti ndogo. Nesi kamwosha kidonda vizuri, mkono wake mwepesi. Daktari kapita. Yule wa maabara kaja kuchukua damu, binti mpole, na yeye Mama kamuuliza binti jina lake. Nikasikia anavuta pumzi.

"Faraja, umekula?"

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Nimebandika ugali sasa hivi.