Mama Hakuanguka Tena

Luoyang, 12 Oktoba 1993

Binti yangu Ruixia,

Mimi mzima, sijui wewe huko kiwandani. Mama yako ni yule yule: jana kaniita fundi bomba, akaniuliza nitamaliza saa ngapi. Ila miguu! Tangu uliposhikilia nimpeleke kwa Mwalimu Fang pale mtoni kila alfajiri, yale mazoezi ya polepole ya taichi yamemfaa kweli. Haanguki tena, na usingizi anaupata. Jina lake linamtoka, lakini mikono haisahau mwendo hata mmoja. Mahali pake ni chini ya nguzo ya taa, na ole wako usimame hapo! Taabu ni kwamba sasa anatoroka. Nafunga mlango kwa kufuli, ufunguo nauvaa shingoni kama kengele ya mbuzi.

Baba yako

Dongguan, 20 Januari 1994

Baba, shikamoo. Hamjambo? Mimi sijambo, ila gundi ya viatu inanikohoza.

Si nilikwambia? Ukasema taichi ni michezo ya wazee wasio na kazi! Baba, nimepata ruhusa. Mkesha wa mwaka mpya wetu wa Kichina, tarehe tisa Februari, naingia nyumbani, baada ya miaka mitatu! Mama asiponijua, basi. Mlango uache wazi kama desturi yetu, nisigonge kama mgeni.

Mwanao Ruixia

Dongguan, 5 Februari 1994

Baba, shikamoo. Msimamizi kafuta ruhusa zetu zote, ati kazi imeongezeka. Siji. Nimelia mpaka basi. Funga mlango, baba.

Mwanao Ruixia

Luoyang, 20 Februari 1994

Ruixia mwanangu,

Marahaba. Hali yako siulizi. Najua hata kuzika hawakukuruhusu. Telegramu ilikupa neno tu. Mengine uyasikie kwangu, si kwa majirani.

Barua yako ya pili ilifika siku ya nne ya mwaka mpya. Mkesha nilikuwa nimetoa kufuli. Mwana akiwa njiani hatumfungii mlango. Nilikaa kitini nikuone ukiingia, usingizi ukanichukua. Kuamka, mama yako hayupo.

Nilijua alikokwenda. Kundi lilikuwa limepumzika kwa sikukuu, mtoni hakuna mtu, theluji tupu. Nilimkuta chini ya nguzo yake, amekaa, hana koti, amekwisha kuwa baridi. Mbele yake theluji ilikuwa na nyayo za taichi, mwanzo mpaka mwisho. Hakuteleza hata mara moja, mwanangu. Zamani asingeshuka hata ngazi zetu.

Nimemlaani Fang, nimekulaani wewe, nimejilaani mimi. Sasa nimechoka. Usijiue kwa mawazo.

Kufuli nimelitupa mtoni. Njoo siku yoyote, usigonge.

Baba yako