Nyama Iliyogoma Kuoza

Mama Ilunga mupenzi,

Salamu kutoka porini, nyuma ya Kambove. Jua linachoma hata kivulini. Niko muzima, tumbo limepungua kidogo, lakini utanitambua tu.

Swala wa harusi ya mutoto wetu tulimupata juzi. Kaka yako Kabwe akasema tukate kuni, tukaushe nyama kwa moshi siku ileile. Unamujua mumeo na shoka, hatupatani! Nyama nikaitundika ndani ya shimo la zamani la wachimbaji, baridi kama frigo.

Leo muchana tuliifuata. Harufu hakuna, nzi hata mumoja hakuna, na huku nje wanatuingia mpaka kinywani. Damu ilikuwa bado inadondoka, tena ya moto, kama tumemuchinja saa ile. Nikajisifu: "Shemeji, umeona frigo yangu?"

Kabwe hakucheka. Akakata kipande, akamutupia imbwa, kwa sababu kwa wawindaji wa hapa imbwa ndiye anaonja kwanza. Imbwa wetu, ambaye jana alikula kiatu changu, akanusa, akalia kama mutoto, akakimbia.

"Shemeji, rudisha," Kabwe akanong'ona. "Hii nyama iko na mwenyewe."

Nikairudisha shimoni. Nilipoinua kamba ili niitundike, ilivutwa mukononi mwangu polepole, kama muntu anayepokea muzigo kwa adabu.

Kwa hiyo nunua kuku, Mama. Mwambie bibi harusi baba yake anakuja mikono mitupu, lakini anakuja.

Nakukumbatia sana,
muvivu wako, Baba Ilunga