Kivuli Kilichorudi Peke Yake

Jumatatu, 3 Machi

Mkasi amerudisha sura ya tatu. Haijakatwa! Msimamizi wangu huyu tunamwita Mkasi kwa sababu hana huruma na aya ya mtu, lakini safari hii kaandika pembeni kwamba hii ndiyo roho ya tasnifu. Nimeisoma nikiwa nimesimama koridoni. Nikakaa, nikaisoma tena, kukaa kukanishinda.

Sura yenyewe ni ya ngano ya kisima. Binti anachungulia kisimani, kivuli chake kinadondoka humo ndani. Mama yake anateremka kukifuata. Jioni kivuli kinapanda juu peke yake — na si kivuli cha mtoto tena, kina umbo la mama. Binti anatembea nacho hadi uzeeni. Basi, imeisha. Hakuna karamu wala vigelegele. Ngano nyingine zote nilizokusanya za aina hii zinamrudisha mama nyumbani. Hii tu haimrudishi. Mkasi anasema ni lulu, anataka tuiandikie makala.

Shida ni moja: kitabu chenye ngano hiyo sina. Kilipotea tulipohama nyumba, mimi nikiwa mdogo hata kusoma sijui vizuri. Nimenukuu kutoka kichwani. Jalada la kijani, kona imetafunwa na panya, picha ya kisima. Dada akinisomea chini ya meza ya chakula, mimi nimelala kwenye mapaja yake. Nakijua kile kitabu kuliko namba yangu ya simu.

Mkasi anataka fotokopi ya ukurasa wa mwisho kabla sijatetea. Natetea Ijumaa ya wiki ijayo. Fotokopi!

Jumatano, 5 Machi

Sijaandika hata mstari. Nimezunguka maduka ya vitabu chakavu mpaka kisigino kimechubuka. Kila muuzaji ana kitabu cha kijani, na kila kitabu cha kijani ni cha hesabu.

Baba kapiga simu. Anakuja kuniona nikitetea. Kauliza kama watu wa kawaida wanaruhusiwa kuingia, nikamwambia wanaruhusiwa. Akasema basi atakaa nyuma, hatakohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Kimepatikana! Muuza vitabu mwenye miwani iliyofungwa na uzi ndiye aliyekuwa nacho, chini kabisa ya rundo. Nilikijua kabla hajakifuta vumbi. Niliminya jalada kifuani pale pale barabarani, mtu mzima mimi, nusura nilie.

Nimekifungua kwenye ngazi za benki. Kisima kipo. Binti yupo. Kivuli kinadondoka. Mama anateremka.

Halafu mama anapanda. Kivuli cha mwanawe kimekunjwa kama shuka mkononi mwake. Majirani wanapiga ngoma. Mwisho.

Nimegeuza ukurasa. Tangazo la mchapishaji. Nimerudi nyuma, nikahesabu kurasa, nikatafuta iliyochanwa. Haipo. Hakuna iliyochanwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mkutubi kanitolea nakala nyingine, ya toleo la kabla ya hilo. Mama anapanda. Ngoma. Mwisho.

Siwezi kula. Nimesafisha friji. Nimepanga viatu. Kurasa arobaini na kitu nimeandika juu ya mwisho ambao haumo kitabuni!

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Dada. Dukani kwake kwa dobi kulikuwa na mvuke hadi darini, mashati yananing'inia na vijikaratasi vya majina, yeye yuko kwenye pasi. Nimemwekea kitabu mbele. Kacheka, kakinusa, kasema mbona kimepungua, zamani kilikuwa kikubwa. Nimemwonyesha ukurasa wa mwisho. Akaacha kucheka. Akaiweka pasi pembeni, akamwambia msichana wa kaunta akanywe chai.

Akaniuliza kama nakumbuka ule mwaka. Nikasema namkumbuka Mama akisafiri.

"Wewe uliambiwa amesafiri," akasema. "Gari likisimama tu, unakimbia mlangoni viatu mkononi. Mimi nilikuwa makaburini na watu wazima. Baba akanikataza nisikwambie, akasema utakufa kwa kulia. Basi sikukwambia. Nilikusomea."

Nimekaa juu ya gunia la mashuka ya watu.

Anasema mara ya kwanza alisoma kama ilivyoandikwa, na alipofika kwenye ngoma mimi nikainuka kwenda kuvaa viatu. Kesho yake akambakiza mama kisimani. Kile kivuli chenye umbo la mama alikitunga hapo hapo, kitabu kikiwa wazi mbele yake, kwa sababu aliona mtoto hawezi kuachwa mikono mitupu. Nikaomba arudie. Nikaomba kila siku. Siku moja gari lilisimama na sikwenda mlangoni.

Na nakumbuka Baba aliponiambia hatimaye, miezi mingi baadaye, kanikalisha kitini kama mgeni. Nilimjibu kwamba najua. Hakuuliza nani kaniambia. Alikwenda kuzima redio ambayo haikuwa imewashwa.

Nikamwambia Dada kwamba nitamwandika kwenye tasnifu, jina lake, kila kitu. Akakataa katakata. Baba mpaka leo anaamini alinikinga, na anaamini Dada alimtii. Koti la Baba la kuvaa Ijumaa nikitetea liko pale pale dukani, limeshafuliwa, limefunikwa nailoni.

"Usimvue mzee nguo mbele ya maprofesa," akasema, akachukua pasi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemkasirikia. Halafu nimejikasirikia mimi. Sura ya kwanza ya tasnifu yangu, kwa maringo yote, inasema kila msimuliaji huigeuza ngano kwa ajili ya anayemsikiliza. Nina tanbihi kibao kuthibitisha hilo. Aliyenisimulia mimi sikumwona!

Nimesoma kitabu tena tangu mwanzo. Ni kitabu cha kawaida tu. Sentensi zake zimechoka. Uchawi wote nilioubeba miaka hii, ulionifanya nisome, nisome, mpaka nikafika chuo kikuu — haukuwa umechapishwa. Ulikuwa sauti ya mtoto mwenzangu, akijikaza asilie.

Nifanye nini? Nikiikata sura, tasnifu inabaki maganda. Nikinyamaza, nimedanganya. Nikisema, Baba atakuwa pale nyuma, hakohoi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Mkasi: mwisho ule haumo kitabuni, ni wa dada yangu. Nilitegemea anifukuze. Kavua miwani, kisha kasema ni bora zaidi, mradi niseme wazi nani alisimulia, kwa nani, na kwa nini. Hasa kwa nini. Bila hilo sura inatoka. Mtahini wa nje atauliza, hana kazi nyingine.

Nimemrekebishia ukurasa. Badala ya jina la Dada nimeandika "msimuliaji wa nyumbani". Penye sababu nimeacha pengo. Mkasi kasema pengo hilo nitalijaza kwa mdomo.

Nimempigia Dada. Kasema niseme nitakavyo siku ambayo Baba hayupo. Nimempigia Baba nimwombe asije. Akapokea akiwa kwa kinyozi, anamwambia kinyozi kwamba ni yule binti wa vitabu. Nikamuuliza tu kama amekula.

Ijumaa, 14 Machi

Korido, nje ya ukumbi. Watahini wamo ndani, wanakubaliana kwanza wao. Naandika huku nangoja.

Baba kaja mapema kuliko mimi. Koti limenyooka. Dada pia kaja, kafunga duka Ijumaa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Tumekaa benchi moja, Baba katikati.

Anahangaika na vifungo. Anasema mle ndani mtazungumza lugha yenu ya kisomi, hataambulia kitu, nimwambie sasa hivi kwa lugha ya watu ninazungumzia nini. Nimemwambia ni hadithi ya kisima. Kasema anaijua. Alikuwa akipita chumbani, tuko chini ya meza, anasikia kipande, anaondoka. Mwisho hakuwahi kuusikia.

Kisha kauliza, macho kwenye viatu vyake:

"Yule mama, alirudi?"

Namwona Dada ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hakurudi, Baba," Dada amesema.

Mlango umefunguliwa, katibu ananiita jina, anasema wako tayari. Nimesimama, daftari bado mkononi. Baba amemshika Dada mkono, wa kushoto, ule wenye kovu la pasi, na mkono wake mwingine ameuinua kwa katibu — tungoje kidogo — na anamuuliza Dada alikuwa na miaka mingapi ule mwaka aliponisomea