Sauti ya Mama Mkwe Inajaza Ukumbi

Shangazi Gaudencia, nisaidie, maana nimefika mahali ambapo nikicheka nakosea na nikinyamaza nakosea. Mimi ni Kanini wa Karatina, na mume wangu Mwai ana ukumbi wa video karibu na soko, anaonyesha filamu za kupigana kutoka ng'ambo, yeye hupunguza sauti ya filamu akashika maikrofoni akatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili chetu, na siku zote tulikuwa tunapata watu wachache tu, wengine wakiingia kukwepa mvua, hadi ikaja filamu moja ambayo mkubwa wa majambazi ni bibi kizee, na Mwai, sijui shetani gani alimwingia, akampa huyo bibi sauti ya mama yangu mzazi! Si sauti tu, Shangazi, hata maneno. Jambazi akikaa, bibi anamwuliza, "Ati nani amekuambia ukae? Kwani hiyo kiti ni ya babako?" Hivyo ndivyo mama husema, nami nilicheka hadi machozi yakanitoka, na sasa watu wanatoka mpaka Kagio, ukumbi unafurika, wengine wanasimama, na filamu ni ile ile. Wiki jana Mwai alijaribu kubadilisha sauti, wakapiga kelele wakimtaka bibi yao, "Rudisha cucu! Sisi tunataka cucu!"

Shida ni kwamba kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa sana, Mwai akiwa mbele ya mama hata mzaha mdogo hathubutu, na sasa mama amepiga simu kutoka Giakanja, anasema atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na akina mama wa kanisa waone kazi ya mkwe wake, halafu akauliza kama viti vyetu viko na migongo. Sijui kama amesikia au hajasikia. Mwai anataka siku hiyo aonyeshe filamu ya wanyama wa porini. Nampenda mama, nampenda Mwai, na naogopa mama akiaibika mbele ya wenzake hatakanyaga kwetu tena. Nifanye nini?

Kanini, Karatina

Kanini mwanangu, pole, lakini kwanza nimecheka. Nimemaliza, sasa nikugombeze.

Wewe ulicheka hadi ukatokwa na machozi, kisha unamsingizia shetani! Soko zima linamjua huyo bibi, nawe unadhani Giakanja hawajasikia? Mtu anayekuja kuvunja ukumbi haulizi kama viti vina migongo. Anauliza kwa sababu anataka kukaa mpaka mwisho. Hata hivyo sisemi hajaumia. Mtu anaweza kufurahi kwamba anaigwa na bado akaumia kwamba hakuulizwa, tena na mkwe wake mwenyewe, ambaye mbele yake anajifanya bubu.

Hao wanyama wa porini waacheni porini. Mama amekaa na wenzake anatazama swara, huku nyuma watu wanapiga kelele wakimtaka cucu, hapo ndipo utamwaibisha kweli. Na usimpigie simu kumtetea mumeo, yeye ndiye mwenye maikrofoni. Kabla ya Jumamosi hiyo Mwai avae koti, abebe sukari na majani chai, atafute mzee mmoja wa kumsindikiza, aende Giakanja. Aseme wazi, kwa sauti yake mwenyewe: mama, nimekuiga, watu wamekupenda, sikukuomba, naomba sasa. Mama akikubali, mpeni kiti cha mbele, chenye mgongo, na wewe Kanini usicheke kabla yeye hajacheka. Akikataa, bibi wa filamu atafutiwe sauti nyingine hata kama ukumbi utarudi kuwa wa wanaokimbia mvua. Mtalala njaa kidogo, lakini mtakuwa na mama.

Siku ya ruracio, ya kuleta mahari, wazee wa Mwai walileta mbuzi wakakuposa wewe, Kanini. Sauti ya mamako haikutajwa. Mwambie arudi aipose.